Intaneti ikikatika, nani anamwambia mteja ukweli?

Kifaa cha fiba kinachofungwa ukutani kina taa ndogo iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu na kupepesa, maana yake ni moja: mwanga unaotoka kituo cha kampuni kupitia uzi wa kioo haufiki nyumbani kwako kwa kiwango kinachosomeka. Uzi umekatika, umekunjika au umechomoka mahali fulani kati ya kituo hicho na ukuta wako. Kuzima kifaa na kukiwasha hakuungi uzi uliokatika juu ya nguzo. Hata hivyo, mteja wa Dar es Salaam akipiga simu kutoa taarifa ya taa hiyo, jambo la kwanza analoambiwa ni azime kifaa, asubiri kidogo, awashe tena. Akisema ameshafanya hivyo, anaombwa arudie.

Nyaya hukatika kila mahali duniani, na hakuna mwenye akili timamu anayedai zisikatike kamwe. Kinachotuchosha wateja wa intaneti ya nyumbani ni kwamba zikikatika, tunabebeshwa sisi kazi ya kuthibitisha kwamba zimekatika, mbele ya kampuni yenye mitambo ya kulijua jambo hilo kabla yetu.

Wanaokumbuka hali ya kabla ya 2009 wanajua tulikotoka. Intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa bei ambayo mabenki, mashirika ya kimataifa na ofisi kubwa ndizo zilizoimudu. Wengine tulikaa foleni kwenye intaneti kafe, tukilipia nusu saa ya kusoma barua pepe mbili. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Mwaka uliofuata ukafuata EASSy, unaopita chini ya bahari kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan, urefu wa kilomita karibu 10,000. Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwenda mikoani na mipakani. Baada ya hapo fiba ikaanza kuingia mitaani, nguzo kwa nguzo, na vijana wenye vipeperushi wakagonga mageti wakituahidi kasi ambayo wazazi wetu wasingeweza kuiwazia.

Kisha ikaja Jumapili ya Mei 12, 2024. EASSy na SEACOM zote mbili zilipata hitilafu baharini, upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Miezi michache kabla, kebo nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia za kuzungukia zilikuwa zimeshapungua. Watu walihangaika. Miamala ilikwama, ofisi zilisimama, na wenye biashara za mtandaoni walikaa wakiangalia skrini zisizofunguka. Lakini kulikuwa na jambo moja la kuwatuliza watu: tulijua. Viongozi wa serikali walizungumza, vyombo vya habari vikaeleza kebo zimekatika wapi, na muuza chipsi wa kona ya mtaa aliweza kukwambia kwamba kuna waya baharini na inasubiriwa meli ya kuuunga.

Hitilafu ya mtaa mmoja haina msemaji. Nyumba kumi zikizimika Tabata au Kimara, hakuna anayezungumza. Mteja anakaa gizani akijiuliza kama ni yeye peke yake, anatoka nje kumuuliza jirani, na jirani naye alikuwa anajiandaa kumuuliza yeye. Kampuni inajua. Nyumba kumi za kisanduku kimoja cha nguzoni zinapopotea kwenye mtambo kwa dakika moja, kengele inalia kituoni. Ujumbe mfupi wa maneno kumi hivi kwenda kwa wateja hao kumi usingegharimu kitu cha maana: fiba imekatika eneo lenu, mafundi wako njiani, tutawajulisha saa 10 jioni. Tunachopata ni "Ndugu mteja, tunafanyia kazi changamoto yako", mara nyingi baada ya kupiga sisi.

Mtaani kwetu tulipitia hali mbaya zaidi ya kukatika moja kwa moja. Intaneti ilikuwa inakuja na kupotea. Wiki kadhaa za masika zilipita hivyo: asubuhi nzuri, mvua ikinyesha inadhoofika, usiku inakufa, kesho yake inarudi kabla fundi hajafika. Aliyewahi kuishi na hitilafu ya namna hii anajua inavyokula moyo. Iliyokatika kabisa unaitafutia njia nyingine na unaendelea na maisha. Inayokuja na kupotea inakuweka pale pale, ukiamini kwamba sasa imetulia, hadi katikati ya kikao sura za wenzako zinaganda na sauti inapotea.

Mazungumzo na huduma kwa wateja yalikwenda hivi, na naamini wasomaji wengi wanaweza kuyamalizia bila kusoma.

"Karibu huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Dada, intaneti haipo tangu jana usiku. Taa ya LOS inapepesa nyekundu."

"Pole sana kaka. Umejaribu kuzima rauta na kuwasha?"

"Nimezima, nimewasha. Bado nyekundu."

"Naomba uzime tena, usubiri sekunde thelathini. Na naomba namba ya akaunti."

Namba ya akaunti nilikuwa nimeshaibonyeza kabla ya simu kupokewa. Nikaitaja tena.

"Sawa kaka, nimekufungulia tiketi. Fundi atakupigia ndani ya saa 24."

"Jana niliambiwa hivyo hivyo. Kuna maelezo yoyote ya jana hapo kwenye kompyuta yako?"

Kimya kidogo, sauti ya vidole kwenye kibodi.

"Naona tiketi ya jana imefungwa, kaka. Inaonyesha tatizo limetatuliwa."

Hakuna aliyekuwa amefika. Hakuna aliyekuwa amepiga. Lakini mahali fulani ndani ya mfumo wa kampuni, mtu alibonyeza kitufe na tatizo langu likahesabiwa limekwisha, kwa kuwa usiku ule mvua ilipokatika intaneti ilirudi kwa saa chache. Kwenye ripoti ya mwezi, bila shaka, tatizo hilo litaonekana limetatuliwa kwa wakati. Kesho yake nikaanza upya, kwa mhudumu mwingine, kutoka swali la kwanza.

Sina ugomvi na yule dada. Alikuwa na adabu kuliko mimi. Anakaa amevaa vifaa vya masikioni zamu nzima, anapokea hasira za watu asiowajua, na kazi yake inapimwa kwa simu ngapi amepokea na kila moja imechukua dakika ngapi. Mbele yake ana orodha ya maswali na haruhusiwi kuruka hata moja. Hawezi kumwamuru fundi. Mara nyingi hata simu ya fundi hana. Kampuni imemweka pale aombe radhi, halafu ikamnyima kila kitu ambacho kingemwezesha kusaidia.

Siku fundi alipofika hatimaye, kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko simu moja ya malalamiko. Alichomoa uzi nyuma ya kifaa, akauchomeka kwenye kipimo kidogo cha mkononi, akanionyesha namba. "Mzee, hapa mwanga unasoma hasi 29. Ulitakiwa uwe hasi 20 hivi." Vifaa vingi vya nyumbani vimeundwa kusoma mwanga hadi karibu hasi 27, chini ya hapo vinaanza kupapasa. Na kipimo hiki, desibeli, hakiendi kama rula: kila desibeli 3 zikipungua, mwanga umepungua kwa nusu. Kutoka hasi 20 hadi hasi 29 maana yake tulikuwa tunapokea sehemu moja tu ya nane ya mwanga tuliostahili. Akapanda nguzo. Kwenye kisanduku, mfuniko haukuwa umefungwa sawasawa, maji yalikuwa yanaingia, na uzi wa kwetu ulikuwa umebanwa kwenye kona kiasi kwamba umepinda. Uzi wa kioo ukipindishwa kwa kona kali, mwanga unavuja pembeni. Akausafisha, akauzungusha kwa nafasi, akafunga mfuniko. Namba ikarudi hasi 20.

Sasa jambo ambalo kila mteja wa fiba anastahili kulijua. Ile hasi 29 haikuhitaji mtu kupanda nguzo ili ijulikane. Vifaa vingi vya kisasa vya fiba vinapima mwanga vinaoupokea na kuurudishia mtambo wa kituoni taarifa hiyo. Mhandisi wa kampuni, akiwa ameketi kwenye kiti chake, anaweza kufungua ukurasa wa akaunti yangu akaona namba hiyo, na akaona ilivyokuwa jana na wiki iliyopita kama kampuni inatunza kumbukumbu. Kwa hiyo muda wote nilipokuwa nazima na kuwasha, ukweli ulikuwa ndani ya kampuni ile ile niliyokuwa naipigia. Ulikuwa chumba kingine. Yule dada wa simu angekuwa na namba hiyo moja mbele yake, angesema tangu siku ya kwanza: kaka, mwanga wako ni hafifu, tatizo liko nje, usiguse rauta, namtuma fundi. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika hapo. Ni uamuzi wa menejimenti kuhusu nani aone nini.

Haki iwe kwa pande zote. Kampuni nazo zina mateso yake. Tingatinga la ujenzi wa barabara linapita na kukata kebo iliyozikwa bila alama. Wezi wanaokata wakidhani ni shaba wanakuta kioo, na hasara imeshatokea. Umeme ukikatika muda mrefu, betri za kituo zinaisha na mtaa mzima unazimika, hata mwenye jenereta nyumbani kwake. Na yapo malalamiko ambayo kosa lake liko ndani ya nyumba ya mteja. Rauta imefichwa nyuma ya televisheni, kuta ni za tofali zito, chumba cha watoto kiko mwisho wa korido. Hapo Wi-Fi itasuasua hata fiba ikiwa nzima. Wengine wanadhani wamepunjwa kwa sababu hawajaelezwa vipimo: kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde kinashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Faili la gigabaiti moja litachukua dakika sita au saba, na hapo kampuni imetimiza ahadi yake. Aliyeuza kifurushi angelieleza hilo mlangoni, simu nyingi zisingepigwa.

Lakini lipo lalamiko moja ambalo makampuni hulizima kirahisi mno kwa kusingizia nyumba ya mteja: kasi kufa kila siku saa 2 usiku. Katika mfumo wa GPON, unaotumika sana mitaani, uzi mmoja unagawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64, na nyumba hizo zinagawana karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde za kushusha. Gawanya kwa 32. Hata wote wakishusha kwa wakati mmoja, kila nyumba inabaki na megabiti karibu 78. Mwenye kifurushi cha megabiti 20 anayepata mbili kila jioni, huku amechomeka kompyuta kwa waya na taa zote ni za kijani, ana haki ya kuuliza kampuni imenunua uwezo kiasi gani kwenda nje, na imeuza mara ngapi uwezo huo huo. Swali hilo halimo kwenye orodha ya mhudumu wa simu.

Walioumia kuliko mimi ni watu kama mama mwenye steshenari pale barabarani kwetu. Duka lake lina kompyuta mbili, mashine ya kuprinti na benchi la kusubiria. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, benchi linajaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa na wakala wa usajili, RITA, kwa mtandao. Fomu ya Bodi ya Mikopo inajazwa kwa mtandao, inaprintiwa, inasainiwa serikali ya mtaa, inaskaniwa, inapandishwa tena kwenye mtandao. Wengine wanakuja kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Kila kimoja kati ya hivyo kina siku ya mwisho. Fiba ikizimika, anawasha hotspoti ya simu yake na kununua bando kwa fedha yake, na picha za vyeti zinapanda taratibu huku foleni ikinung'unika. Kijana aliyepanda daladala mbili kufika pale anaambiwa arudi kesho. Hakuna mhudumu wa simu atakayemsikia kijana huyo, kwa sababu yeye hana akaunti na kampuni. Hayumo kwenye tiketi yoyote.

Mama huyo alilipia mwezi mzima mwanzoni mwa mwezi, kama tunavyolipa wote. Siku ambazo huduma haikuwepo hazikuongezwa mwishoni. Alipouliza, aliambiwa aandike barua pepe ya kuomba. Kwa nini aombe? Mitambo inayomkatia huduma kwa sekunde malipo yake yanapoisha inaweza vilevile kuhesabu saa ambazo yeye hakupata huduma.

Uingereza waliliona hilo. Kuanzia Aprili 1, 2019, chini ya utaratibu uliosimamiwa na mdhibiti wao, Ofcom, kampuni zilizojiunga zinamlipa mteja bila yeye kudai. Kiwango cha kuanzia kilikuwa pauni 8 kwa kila siku huduma inapokaa bila kutengenezwa baada ya siku mbili kamili za kazi, na pauni 25 fundi asipotokea kwa miadi. Viwango hivyo vimekuwa vikipanda kufuata mfumuko wa bei. Jirani zetu wa Kenya wameweka msingi ndani ya Katiba yao ya 2010: Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya taarifa anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Hakuna chochote katika hali ya hewa au uchumi wa Dar es Salaam kinachofanya mambo hayo yasiwezekane hapa.

Hatuanzi mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na chini yake kanuni za 2018 za kumlinda mtumiaji na za ubora wa huduma. Tunayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na tunalo baraza la kuwasemea watumiaji, TCRA-CCC, lililoanzishwa na sheria ile ile ya 2003 iliyounda mamlaka hiyo. Utaratibu unamtaka mteja aanze kwa kampuni yake, na asiporidhika apeleke lalamiko TCRA. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia kwenye hasira. Tunagombana na dada wa simu, tunaapa kuhamia kampuni nyingine, kisha intaneti inarudi na tunasahau hadi mvua inayofuata. Anayekwenda TCRA na hasira peke yake atasikilizwa kwa heshima na kuondoka. Anayekwenda na namba za tiketi, tarehe, picha ya taa nyekundu yenye saa, na vipimo vya kasi alivyopima kwa waya badala ya Wi-Fi, huyo kampuni itatakiwa kumjibu kwa hoja. Mama wa steshenari sasa ana daftari la kurasa mia anamoandika kila kukatika na kila kurudi. Aliponionyesha, nilitamani kila duka liwe nalo.

Kuhama nako si jibu kwa wengi. Mitaa mingi ina kampuni moja ya fiba, au mbili zinazopitisha nyaya kwenye nguzo zile zile. Wanaoitazama intaneti ya setilaiti kama mkombozi waangalie Nairobi: Starlink ilianza Kenya mwaka 2023, na mwishoni mwa 2024 ikasimamisha kupokea wateja wapya jijini humo na kaunti za jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa.

Ninachoiomba TCRA ni jambo dogo lenye nguvu kubwa. Kila robo mwaka mamlaka hiyo inachapisha takwimu za sekta ya mawasiliano, na waandishi tunazinukuu kwa furaha kwa sababu zinaonyesha tunavyokua. Katika ripoti hiyo iongezwe safu moja kwa kila kampuni ya intaneti ya nyumbani: kutoka mteja alipotoa taarifa hadi huduma iliporudi, kwa wastani, ni saa ngapi, na kwa kila mkoa. Tiketi isihesabiwe imefungwa hadi mteja mwenyewe athibitishe kwa ujumbe wa simu. Kijana mwenye vipeperushi atakapogonga tena geti akiniahidi kasi, nitamuuliza saa hizo kwanza.